Siku ya Kumwosha Bi Mwanakombo

Nyinyi vijana wa idara mmenikaba koo tangu siku nilipokabidhi funguo za ofisi, "Mwalimu tuandikie, Mwalimu tuandikie," kana kwamba kuna hazina nimeikalia. Haya, naandika. Lakini anayetafuta humu nilipandishwa cheo lini na nani alinipinga, aiweke karatasi hii chini sasa hivi akanywe chai. Miaka yote niliyofundisha sheria ya afya ya umma, na habari ya nani hupata tiba na nani huikosa, mambo ninayoyakumbuka vizuri ni yale niliyoshindwa kuyaelewa. Na lililonishinda kuliko yote lilinikuta kwetu Kwale, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mwalimu msaidizi ambaye wino wa shahada ulikuwa haujakauka.

Siku ya kwanza idarani niliingia nimekikumbatia kitabu cha Sheria ya Afya ya Umma kama mwari aliyekabidhiwa kungwi. Mkubwa wangu alikuwa Profesa Nyaga, mtu wa bara, mrefu, mwenye koti moja la kahawia ambalo nadhani alilala nalo. Akanitazama, akakitazama kitabu.

"Umekisoma?"

"Nimekisoma chote, Profesa."

"Basi umekwisha kuchanganyikiwa. Sasa nenda ukachanganyikiwe mahali penye watu."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa amekwisha kuandika jina langu. Mvua kubwa zilikuwa zimeivuruga pwani nzima ya kusini, vyoo vimefurika, visima vimeingia maji ya juu, na kipindupindu kimezuka. Profesa alitaka mtu akaangalie maafisa wa afya wanaitumia vipi sheria wakati wa maradhi. Alinichagua mimi kwa sababu ni Mdigo. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni wa Mkongani, kwetu ni mahindi na mihogo, na samaki nawajua wakishakaangwa tu. Lakini mwalimu msaidizi habishani na profesa, labda siku hizi.

Vifaa vyangu vilikuwa kinasa sauti cha kaseti, nakala ya sheria niliyoifunga kwa uzi wa gunia, na viatu vya mpira. Kinasa sauti nilikitia ndani ya kopo la mafuta ya kupikia ili kisiingie unyevu. Nawaambia hilo nyinyi mnaorekodi kwa simu na kulalamika.

Niliyeshikizwa kwake alikuwa Bwana Mutiso, afisa wa afya wa upande wa Msambweni na Munje. Alikuwa Mkamba, mlokole, mpole, na nguo zake zilinuka klorini hata Jumapili. Siku yangu ya kwanza naye alinipeleka kuona vyoo. Sheria inamtaka kila mwenye nyumba awe na choo, hilo mnalijua. Basi tukafika kwa mzee mmoja karibu na ufuo wa bahari, akachukua jembe mbele yetu, akachimba. Kabla shimo halijafika kiunoni, maji yakaanza kupanda na mchanga ukaporomoka. Mzee akaegemea jembe lake.

"Haya mwanangu, wewe uliyesoma. Nichimbe maji au nichimbe mchanga?"

Nikaufungua uzi wa gunia nikatafuta. Sikuona kitu. Nikamtazama Bwana Mutiso, naye akaangalia viatu vyake. "Sasa Mwalimu," akasema, "mimi nimeambiwa kila boma iwe na choo. Hiyo maneno ya maji sikuambiwa." Nilirudi nilikofikia kichwa kinaniuma.

Munje ndiko nilikokutana na Bi Mwanakombo. Alikuwa mwosha wa kijiji, yaani akifa mwanamke, yeye ndiye alikuwa akiitwa kumwosha na kumvika sanda. Mtu mnene, mcheshi, leso moja kiunoni na nyingine begani, na sauti ya kuitia watu ng'ambo. Nikampa shikamoo, nikajieleza kwamba nafundisha sheria za kuzuia maradhi.

"Marahaba. Unafundisha watu wasiugue?"

"La, bibi. Nafundisha sheria ya watu kutougua."

"Ala! Kwa hivyo hayo maradhi huenda shule yakasoma?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Akaniwekea mahamri na mbaazi na kuniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia bado. Akasema ni bora, kwa sababu mume angepata shida kulala kitanda kimoja na gunia lile la karatasi. Nilimpenda papo hapo, sina njia nyingine ya kulisema.

Yeye aliwaosha wa kwanza kufa, kabla jina la ugonjwa halijatajwa na mtu yeyote. Watu walidhani ni tumbo tu la maji ya mvua. Alipoanza kuharisha mwenyewe, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea, na mahema ya wagonjwa yamekwisha kupigwa katika uwanja wa shule. Walimtia maji ya mshipa. Asubuhi nilimwona, alininyooshea kidole na kutaka kusema mzaha fulani, haukutoka. Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa amekwisha kufariki. Inna lillahi.

Nilipofika nilikuta watu wamesimama nje ya hema pande mbili, na katikati yao Bwana Mutiso mikono ameitanua. Mbele yake alikuwa Riziki, binti wa pekee wa Bi Mwanakombo, aliyefanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja Diani. Alikuja na sare yake ya kazi, hata aproni hakuivua.

"Mama ataoshwa," Riziki alisema.

"Dada, pole sana. Lakini haoshwi. Waraka wa wakubwa umesema maiti ya kipindupindu inatiwa dawa, inafungwa kwa nailoni, inazikwa. Hakuna kuosha."

"Kawaosha Munje nzima huyu! Leo yeye azikwe hivyo hivyo na uchafu wake, kama mtu asiye na watu?"

"Na ugonjwa aliupata wapi, dada yangu? Si kwa kuosha?"

"Ndiyo," Riziki akasema. "Kwa kuosha. Ndiyo maana ataoshwa."

Mimi nilisimama hapo naona wote wawili wana haki. Si kwamba nilikuwa mpatanishi mwema, la, nilikuwa nimepotea tu. Nilijaribu kufikiri na mawazo yakagongana. Kisha Riziki akanigeukia.

"Dada, wewe ndiye wa sheria. Mwezi huu huu mgeni amefia pale hotelini, kwa ugonjwa huu huu, kaharisha mpaka akaisha. Walimsafisha, wakamvisha suti. Mimi mwenyewe niliipiga pasi ile suti. Akatiwa kwenye sanduku zuri akapelekwa kwao. Ile ni sheria nyingine?"

Nikamtazama Bwana Mutiso. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Hiyo ya hoteli haikuletwa kwangu," akasema. "Ilipita juu."

Nikaketi chini kwenye msingi wa darasa nikafungua karatasi zangu. Sheria, kwa kifupi, ilimpa afisa wa afya uwezo wa kuamuru maiti ya maradhi ya kuambukiza ishughulikiwe vipi na izikwe vipi. Imekwisha. Haikukataza kuosha wala haikuruhusu. Ilimbebesha uamuzi Bwana Mutiso, halafu ikaenda zake. Nikamwambia.

"Bwana Mutiso, sheria inakuachia wewe. Waraka si sheria."

"Mwalimu, mimi ni waraka ndiyo ilinifikia. Sheria iko Nairobi."

Nilikwenda mbio dukani barabarani palipokuwa na simu nikampigia Profesa. Laini ilikuwa ikikatika kwa ajili ya mvua za siku zile. Nikamweleza kwa kelele, wateja wote wa sukari wakisikiliza. Akaniacha nimalize.

"Maiti ni ya nani?" akauliza.

"Ya mwosha."

"Sijui," akasema. "Kweli sijui, Mwanaisha. Rudi usimame nao." Kisha laini ikakatika sawasawa. Nilimkasirikia. Nilitaka jibu, ameniambia nisimame! Na nyinyi mkinipigia na mambo yenu nikawajibu hivyo hivyo, mjue nilifundishwa na nani.

Niliporudi, Maalim Hamisi, imamu wa Munje, alikuwa amewasili. Nikafurahi, nikidhani dini itatutoa mahali sheria ilipotukwamisha. Maalim akasema, kwa sauti ya taratibu, kwamba maji yakiwa na madhara, maiti atatayamamiwa kwa mchanga safi, usoni na mikononi, na inatosha, Mungu si mkali kama wanadamu. Bwana Mutiso akashusha pumzi. Tena, Maalim akaongeza, aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ana daraja ya shahidi.

"Wa vitani haoshwi, najua. Shahidi wa namna hiyo, Maalim," Riziki akauliza, "huoshwa au haoshwi?"

Maalim akajikuna ndevu. Alikuwa mtu mkweli. "Huoshwa," akasema.

Basi tazameni mambo. Imamu anasema si lazima, afisa anasema haiwezekani, sheria inasema fanyeni mtakavyo, na msafisha vyumba vya hoteli anasema lazima. Nani kati yao angesikizwa? Kila nikijaribu kuwapanga kama nilivyofundishwa, wanabadilisha viti. Na jua lilikuwa likiendelea kuwaka juu ya hema, mwili umo ndani, na kila mtu alijua kwamba kama hatukuamua, joto lingetuamulia. Bwana Mutiso angefunga nailoni, na Riziki angerudi Diani na jambo ambalo hangeweza kulisahau.

Aliyetufungua alikuwa Bwana Mutiso mwenyewe, na sidhani alikusudia. Alimgeukia Bi Mwanatumu, mwenzake Bi Mwanakombo katika kazi ya kuosha, bibi aliyekuwa ameketi akilia chinichini muda wote ule. "Mama," akamwuliza, "kwani nyinyi mnaosha aje?" Alikuwa amefanya kazi Msambweni miaka, amezuia maiti zisioshwe, na hakuwahi kuuliza.

Bi Mwanatumu akajifuta macho. Akasema kwanza huchimbwa ufuo.

"Ufuo ni nini?"

"Shimo, mwanangu, chini ya kitanda. Maji yote ya maiti huingia humo, yasitapakae, kisha hufukiwa."

Bwana Mutiso akafungua macho. "Si hiyo ndiyo tunataka! Shimo! Tutatia chokaa ndani." Akachutama mbele yake kama mwanafunzi. "Halafu?"

Halafu huoshwa kwa maji yenye majani ya mkunazi au sabuni, kutoa uchafu. Halafu maji matupu. Mwisho maji yenye kafuri. Bwana Mutiso akasema yeye anataka klorini. Hapo Bi Mwanatumu akakataa katakata. Maji yakinuka dawa si maji, akasema, maiti hatotahirika, ataondoka na janaba. Tukamgeukia Maalim. Wakaanza hapo mjadala wa maji, yapi yamebadilika harufu na bado ni maji, na yapi si maji tena, nami nimekaa darasani kwa maprofesa wa kila namna lakini sijapata kusikia hoja zilizopangwa kwa moto ule. Maalim akauliza, na kafuri je, hainuki? Bi Mwanatumu akasema kafuri ni sunna, msiilinganishe na dawa ya choo. Bwana Mutiso akasema si ya choo, ni ya maji. Riziki akapiga kelele, "Mtamaliza lini? Mama analala juani!"

Wakafikia hivi. Klorini iingie katika maji ya kwanza pamoja na mkunazi, kwa sababu hayo ni ya kutoa uchafu, na kipindupindu ni uchafu. Maji ya pili na ya tatu yawe matupu na ya kafuri, lakini yachemshwe kwanza, maana moto hauyabadilishi maji. Wote watakaoingia wavae aproni za nailoni na glavu zile nene za mpira. Na awepo afisa wa afya wa kusimamia.

Tukatazamana. Afisa wa afya alikuwa mwanamume, na maiti ni mwanamke.

"Nakuteua wewe," Bwana Mutiso akaniambia.

"Mimi? Mimi mwalimu wa sheria!"

"Si ndiyo hiyo sheria sasa?"

Kama alikuwa na uwezo wa kuniteua, sijui. Nimeifundisha sheria ile umri wangu wote wa kazi na bado sijui. Wakati ule sikufungua hata karatasi. Nilivaa aproni na glavu, zilikuwa kubwa mpaka vidole vyangu vikawa vinaelea ndani. Zikafungwa leso kuzunguka kitanda cha kamba, ufuo ukachimbwa katika uwanja wa shule, nikaingia. Sijapata kuosha maiti maishani mwangu. Nilikuwa nikijiambia mimi ni msimamizi, kazi yangu ni kutazama.

Bi Mwanatumu alikuwa akiagiza na kusoma dua. Maji ya kwanza yalinuka hospitali. Ya pili hayakunuka kitu. Riziki alimwosha mamake bega, mkono, ubavu wa kulia kisha wa kushoto, nguo ikiwa juu yake wakati wote, na hakulia hata chozi. Alikuwa akimsemesha. "Geuka kidogo, mama. Sasa hapa. Haya, tumemaliza hapa." Kama mtu anayemwogesha mtoto. Glavu zilikuwa zikiteleza na Bi Mwanatumu akanung'unika kwamba anaosha kama aliyevaa viatu mikononi. Yalipoingia maji ya kafuri, harufu ya klorini ikazama, na kwa mara ya kwanza siku ile niliweza kuvuta pumzi.

Zikabaki nywele. Nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu kabla ya sanda. Bi Mwanakombo alikuwa na nywele nyingi, nyeupe, zimelowa na kujifunga. Bi Mwanatumu alijaribu na zile glavu akashindwa, zilinasa na kung'oa. Riziki akajaribu. Akashindwa. Nikamwona akisimama kidogo, kisha akazivua glavu zake, moja, ya pili, akaziweka pembeni vizuri, akatia vidole vyake vitupu katika nywele za mamake.

Nilipaswa kumkataza. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu yote mle ndani. Nilikuwa nikimwangalia anavyogawa nywele kwa ukucha, taratibu, mstari umenyooka, na nikijua kabisa ugonjwa ulimfikia mama huyu kwa njia hii hii. Akasuka mkia wa kwanza. Akasuka wa pili. Bi Mwanatumu akaniambia, "Shika hapa mwanangu, pasifunguke." Nikashika. Tukamaliza wa tatu, tukamvika sanda.

Nitawaambia mapema ili msinipigie simu: hakuna aliyeugua kati yetu. Nimshukuru Mungu au niishukuru klorini, sijui, na labda wao wawili walikubaliana tangu zamani sisi tukibishana.

Lakini pale nje ya leso sikuyajua hayo. Bwana Mutiso alikuwa akisubiri na jagi la maji ya dawa na beseni. Wanaume walikuwa wamekwisha kujipanga na jeneza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeutupa waraka wa wakubwa wake na sasa anataka kujua kama ameua mtu.

"Mwalimu. Imeenda vile tulikubaliana?"

Ningeweza kusema ndiyo. Riziki alikuwa amesimama kando yangu amefumbata mikono chini ya aproni. Nilikuwa nimeteuliwa, na sikujua nimeteuliwa kwa ajili ya nani, Bwana Mutiso au yule binti.

"La," nikasema. "Nywele hazikusukika na glavu. Riziki alizivua."

Nilingoja amfokee. Nilingoja kurudishwa kwenye waraka, watu watawanywe, sijui nini. Bwana Mutiso aliweka beseni chini mbele ya Riziki. Akainamisha jagi, kama mwenye nyumba anavyomnawisha mgeni kabla ya chakula, akangoja. Riziki akatoa mikono. Bwana Mutiso akamimina, polepole, viganjani, juu ya viganja, katikati ya vidole. "Pole, dada," akasema. "Sugua hapo kwa kucha. Pole sana." Hapo ndipo Riziki alipolia, mikono bado ameikinga, machozi na klorini vikaingia beseni moja.

Alipomaliza akanigeukia mimi na jagi.

"Na wewe, Mwalimu."

Nikataka kumwambia mimi nilikuwa msimamizi tu, mimi nilikuwa nimevaa glavu. Nikatazama chini. Vidole vyangu vilikuwa vitupu, vinanukia kafuri, na unywele mmoja mweupe umejizungusha kwenye kidole cha shahada. Lini nilizivua, hata leo sijui.

Nikakinga mikono.